Mume wa Nyangeta Alipita Kwenye Bendera Yangu

Wale wanaosema mizimu hutembea usiku tu, waje waniulize mimi. Yangu yalinikuta mchana, jua la saa nane likiwaka, nimevaa fulana ya kung'aa ya kazini na kofia ngumu kichwani, redio mkono mmoja na bendera mkono mwingine. Sikuwa na homa. Pombe siijui, mimi ni mwimbaji wa kwaya. Na wala sikuhadithiwa na mtu. Kama unatafuta kisa cha kukuletea usingizi, hiki kiache, kwa sababu mimi mwenyewe tangu siku ile usingizi wangu ni wa kuokoteza.

Kwetu ni Kamunyonge, Musoma mjini. Nilikuwa nauza dagaa wa kukaanga, biashara ikalala, ndipo nikasikia kwamba upande wa Guta, kule Bunda, kuna wafadhili wa nje wametoa fedha za kujenga mitambo ya umeme wa upepo kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa. Nikaenda. Wanaume walipewa zege na nondo, sisi wanawake wengi tukapewa bendera. Usicheke, ile ni kazi. Barabara ya kupanda kilimani ilikuwa nyembamba, ina kona kubwa katikati na korongo pembeni, na magari mawili yakikutana pale lazima moja lirudi kinyumenyume. Kwa hiyo mtu mmoja husimama chini na mwingine juu. Hawaonani, wanaongea kwa redio. Mimi wa chini nikiachia magari namwambia mwenzangu: linakuja lori jekundu, linafuata tingatinga, wa mwisho ni pikipiki, dereva ana koti la bluu. Yeye akishampokea huyo wa mwisho, ndipo naye anaachia ya kwake. Huyo wa mwisho unamweleza mpaka viatu, maana mwenzako akikosea mtu, watu wanakufa.

Mwenzangu wa juu alikuwa Nyangeta. Mzanaki wa Butiama, mrefu, mkavu wa maneno, lakini akikupenda amekupenda. Aliolewa hapo hapo ziwani na Mjaluo mmoja aliyeitwa Ochieng', fundi wa mashine za boti. Nasema aliyeitwa, kwa sababu nilipoanza kazi alikuwa ameshafariki. Alikuwa akijaribu mashine aliyoitengeneza, boti ikapinduka, wenzake wakaogelea wakatoka, yeye hakutoka. Wakamtafuta kwa nyavu mpaka wakakata tamaa. Mimi huyo mwanaume sikuwahi kumwona hata kwa picha. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu yake, na simu ilizama naye.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi hawaijui mila hii. Kwa ukoo wa Ochieng', mtu akipotelea majini haachwi hivi hivi. Wazee huenda ufukweni wakamwita kwa jina lake. Halafu wanachukua tunda la mwegea, lile refu zito linaloning'inia kama limefungwa kamba, wanalivika sanda, wanalibeba hadi nyumbani bila kugeuka nyuma, na wanalizika kama mtu. Watu wanalia, matanga yanakaliwa, msalaba unasimikwa. Kuanzia hapo lile si tunda tena. Ni yeye.

Ndivyo Ochieng' alivyozikwa, na kaburi lake likawa pale kwenye kona, ukingoni mwa kiwanja chao.

Tukawa tunasubiri mapanga ya mitambo, yale mabawa yanayozungushwa na upepo. Panga moja lilikuwa refu kuliko kanisa letu, na gari linalolibeba haliwezi kukata kona nyembamba, kwa hiyo kona ikabidi ipanuliwe. Masharti ya wafadhili yalikuwa mazuri, tusiwasingizie: kila kaburi lililo njiani lihamishwe kwa heshima, na mchungaji awepo, na ndugu walipwe fidia. Tatizo ni sisi wenyewe. Habari ya fidia iliposambaa, yakaanza kuota makaburi mapya kila asubuhi, vifusi vitupu vyenye misalaba ya miti mibichi. Afisa jamii wa mradi, kijana wa kutoka Mwanza ambaye sisi tulimwita Bwana Mahusiano, alishafukua kadhaa akakuta udongo mtupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alipofika kwa Ochieng', mashemeji wa Nyangeta wako visiwani, Nyangeta mwenyewe yuko juu na bendera, kazi ina haraka. Wakafukua. Wakakuta sanda, wakaifunua, wakakuta tunda.

Walicheka, nakwambia. Walipiga picha. Bwana Mahusiano alilinyanyua kwa mkono mmoja akasema, "Wafanyakazi hewa tumewaona, sasa hili ni kaburi hewa," akalirusha kwenye tipa la kifusi. Kifusi kikashushwa chini kando ya ziwa, kwenye uwanja wa kugeuzia magari, kikasambazwa, kikashindiliwa na rola.

Nyangeta alipokwenda ofisini aliambiwa, "Mama, shukuru hatukupeleki polisi." Alirudi akakaa karibu yangu, hakulia.

"Mimi fidia sikuomba," aliniambia. "Nilitaka awe na pa kulala, basi. Watoto wananiulizaga baba yuko wapi, nilikuwaga nawaonyesha kwa kidole. Sasa nitawaonyesha wapi?"

Ungemjibu nini? Kesho yake akarudi kwenye bendera, kwa sababu watoto hawashibi hasira, na hakulizungumza tena. Lakini nilijua hilo ndilo lililokuwa likimla. Kila jioni tukishuka, akifika pale konani alikuwa anapunguza mwendo, anaangalia ile barabara mpya laini kama mtu aliyedondosha kitu.

Basi, siku ya mapanga ikafika. Upepo wa ziwa siku hiyo ulikuwa umekasirika. Bendera niliishika kwa mikono miwili, kofia nikaifunga kidevuni, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Gari la kuongoza msafara liliita kwa redio kwamba wameshaacha barabara kuu, wanakuja. Amri ilikuwa moja: njia ifungwe, asipite gari, asipite mtu, asipite hata mbuzi. Nikafunga. Juu Nyangeta naye akafunga. Nikabaki peke yangu na upepo wangu.

Nikasikia nyuma yangu, "Habari ya kazi, shemeji."

Nikageuka. Mwanaume, umri kama wangu, amevaa ovaroli ya kazi iliyofifia, suruali imekunjwa mpaka chini ya magoti, pekupeku. Ametokea upande wa ziwa. Kwenye kifundo cha mkono amezungusha kamba, zile za kuwashia mashine za boti. Na kwapani amebeba kitu kirefu kimeviringishwa kwenye shuka jeupe lililojaa udongo. Alikibeba kwa uangalifu, mkono mmoja umekinga chini, kama mtu anavyombeba mtoto aliyelala.

"Salama," nikasema. "Njia imefungwa, kaka. Mapanga yanakuja."

"Naomba njia, shemeji. Si mbali. Ni hapo konani tu."

Nikafikiri ni mtu wa kijijini anayenitania kwa kuniita shemeji. Nikamwambia asubiri kidogo, msafara upite. Hakukasirika. Aliniangalia tu, macho yamechoka, akasema, "Nimesubiri sana kule chini. Wameniwekea mzigo juu yangu."

Nilidhani anasema habari za vibarua wenzake. Ungefikiri nini wewe? Nikamhurumia. Nikaona msafara bado, na hapo konani ni karibu, akikaza mwendo atakuwa ameshapita. Lakini kupitisha mtu lazima umtangaze. Nikabonyeza redio.

"Nyangeta, nina mtembea kwa miguu mmoja, anaishia konani. Mwanaume. Ovaroli ya bluu imepauka, pekupeku, ana kamba ya mashine mkononi. Amebeba mzigo mrefu wa shuka jeupe."

Nikadhani upepo umekula maneno, nikarudia.

Nyangeta akajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. "Dada. Angalia mkono wake wa kushoto. Vidole vikoje?"

Nikaangalia. Ule mkono uliokinga mzigo. Kidole kidogo na kinachofuata havikuwepo, vimekatika sawasawa, kovu la zamani.

"Viwili havipo," nikasema.

"Mkanda wa mashine ulimkata mwaka aliponioa," akasema Nyangeta. "Mpe redio, dada. Nakuomba. Mpe nimsikie."

Ndipo maneno yakaniingia. Nilijua mume wake amekufa. Nilijua kilizikwa nini, na kilitupwa wapi, na kile kitu cheupe kwapani ni nini. Yote nilikuwa nayajua tangu zamani, lakini yalikuwa yamekaa mbalimbali, na sasa yakakutana yote kwa pamoja kifuani mwangu. Nikamnyooshea redio.

Hakuwepo tena mbele yangu. Alishapita chini ya kamba ya kuzuia magari, anapanda.

"Shemeji," nikaita. Akainua ule mkono wenye vidole pungufu bila kugeuka nyuma, akaendelea.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia mate yananikauka. Upepo ule ulikuwa unaning'oa. Majani yamelala chini, vumbi linapita barabarani kama maji, fulana yangu inapiga mgongo. Ovaroli yake haikutikisika. Haikucheza hata ukingo. Ilikaa mwilini mwake imetulia kama nguo iliyo kabatini, na ncha ya lile shuka ilining'inia wima, moja kwa moja kuelekea chini. Haki ya Mungu, upepo ulipita pale kama hapakuwa na mtu. Nilimwona hivyo mpaka kona ikamficha.

Nilishindwa kupiga kelele. Nilikojoa, nikuambie ukweli, mtu mzima mimi.

Msafara ukafika. Msimamizi akateremka kwenye gari la mbele akapiga kelele nifungue. Nikamwambia kuna mtu njiani. "Mtu gani, tuna ratiba hapa." Nikageuza bendera nyekundu nikasimama katikati ya barabara, mbele ya lile gari refu lenye panga. Akanitukana, akaniambia nimeshafukuzwa kazi. Nikamwambia sawa, nimefukuzwa, lakini mtu bado yuko njiani. Mwenzangu ameshaacha kituo chake, nilimsikia redioni akihema anakimbia kuteremka, na mimi niliapa halitapita gari likamkute mwanamke yule konani na mume wake.

Kisha redio ikaongea. "Hayupo," akasema Nyangeta. "Nimekuja barabara yote, sijakutana na mtu. Dada, hayupo." Halafu akaongeza, "Ila mzigo upo."

Tukapanda kwa miguu, mimi, msimamizi, madereva na vibarua wao, Bwana Mahusiano, na mhandisi mkuu wa mradi, mwanamke kutoka nje aliyekuja na msafara. Tukamkuta Nyangeta amepiga magoti katikati ya barabara mpya, pale pale kaburi lilipokuwa. Mbele yake sanda. Imelowa maji, inanuka ziwa. Na ndani tunda bichi kabisa, kijani kibichi, kana kwamba limechumwa asubuhi ile. Na lilikuwa limekaa chini ya kifusi msimu mzima.

Bwana Mahusiano alipoiona ile sanda alibadilika rangi. Akauliza nani amefukua uwanja. Mtu akatumwa kwa pikipiki, akarudi akasema uwanja uko vilevile, alama za rola hazijaguswa.

"Toeni kitu hicho," akasema, "wageni wasije wakatushangaa." Kibarua mmoja akainama kukibeba. Hakikuinuka. Akacheka kidogo, akapanga miguu vizuri, akavuta. Hakikuinuka. Akaja wa pili, wa tatu, wakashika pembe za sanda, mishipa ikawatoka shingoni. Bwana Mahusiano akawasukuma pembeni akaingiza mikono mwenyewe, mikono ile ile, nami nilikuwa namwangalia usoni. Alikuwa analikumbuka. Alikuwa anakumbuka jinsi lilivyokuwa jepesi.

Akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi, akavua kofia.

Yule mhandisi alikuwa ameuliza mara nyingi kwa Kiingereza kuna nini, na kazi ya kumtafsiria ilikuwa ya Bwana Mahusiano. Kiingereza chake kilikuwa kingi siku zote, kinamwagika. Siku hiyo kilikauka. Mwishowe akasema maneno machache tu, ambayo hata mimi nisiye na shule kubwa niliyaelewa. Alisema: ni mtu.

Mhandisi akaangalia tunda, akamwangalia Nyangeta, akaangalia wale wanaume wanaotweta. Akavua kofia yake pia. Msafara ukazimwa injini.

Nyangeta akaweka mkono juu ya sanda. Aliongea kama mke anavyoongea na mume aliyelala sebuleni. "Baba Akinyi," akasema, "hapa wamepitisha barabara. Magari yatakusumbua. Twende kule walikowekwa wenzako, kuna kivuli. Twende, nitakuwa nakujia." Akaitikia kwa kichwa kama amejibiwa, ingawa mimi sikusikia kitu. Halafu akawaambia wanaume, "Mbebeni sasa."

Sita waliingia chini yake, Bwana Mahusiano akiwa mmoja wao. Kikainuka. Kilikuwa na uzito wa mwanaume mzima aliyeshiba, wote walisema hivyo, na mabega yao yalionyesha. Wakambeba mpaka kwenye kiwanja yalikohamishiwa makaburi ya njiani. Mashemeji wakaitwa kutoka visiwani, mchungaji akaja, jeneza la mradi likaja. Wakati wa kumteremsha, kamba zilikuwa zimekaza zinalia. Jeneza lilipogusa chini zikalegea ghafla mikononi mwa watu, kama hazikuwa zimeshika chochote. Mmoja wao alianguka kwa nyuma. Hakuna aliyecheka.

Mapanga yalipandishwa baadaye na sasa yanazunguka, ukipita barabara ya Bunda kwenda Musoma unayaona. Bwana Mahusiano aliomba uhamisho. Kabla hajaondoka alikwenda nyumbani kwa Nyangeta, alichomwambia sikijui, ila Nyangeta alimpa chai. Mimi sikufukuzwa, niliacha mwenyewe. Nimerudi Kamunyonge kwenye dagaa zangu. Nguo zangu naanika ndani siku hizi, majirani wananicheka. Waache wacheke. Wao hawajaona nguo ikigoma kupepea.

Lakini woga nimeuzoea. Kinachoniuma ni kingine. Nyangeta alilala matanga ya mtu yule, alimzalia, alimlilia, na siku ile alikimbia barabara ile ile kutoka upande wa pili. Hakuona hata kivuli chake. Nikaonyeshwa mimi, nisiyemjua. Kila akija Musoma lazima apite kwangu, na akishakunywa maji anaanza. Alikuwa amekonda? Ndevu alikuwa nazo? Alikuwa anachechemea, maana mguu ulikuwa unamsumbuaga? Namjibu ninachokumbuka. Mwisho huwa anauliza lile moja, anauliza huku anaangalia pembeni: "Na mimi, aliniuliza?"

Siwezi kumdanganya mtu kuhusu marehemu wake. Namwambia aliomba njia tu. Anasema, "Sawa, alikuwaga mtu wa maneno machache," anaaga, anaondoka. Akirudi anauliza tena.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Siku ukikutana na mtu wa namna ile, na usijidanganye kwamba atangoja giza, usimkemee na usimkimbie. Mpe njia, ana haki nayo. Ila kabla hajakupita, muulize ana salamu za kumpelekea nani. Yeye atakwenda zake kupumzika. Wewe utabaki huku na watu wake, na watakuja kukuuliza.